Matibabu ya lazima kwa amri ya mahakama, kutoka Tabora mpaka Isanga: nyota zangu na sababu zake

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aondoke. Matibabu yenyewe pale Isanga, upande wa hospitali ya akili Dodoma unaopokea watu wenye kesi, nayapa nyota nne. Safari ya kisheria ya kumfikisha mgonjwa pale nyota mbili. Safari ya kumtoa nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya afisa ustawi wa jamii mmoja wa huku kwetu ambae anapokea simu hata jumapili jioni. Ukitaka namba moja weka tatu, ila naomba usome na maelezo maana hizo nyota hazilingani kabisa na mahali zinapopungua ndo mahali mtu wako anaweza kukaa miaka.

Nawaandikia familia ambazo saivi zina mtu wao mahabusu, mtu ambae mtaa mzima unajua siku ile haikuwa akili yake, na nyie mmekaa mnasubiri mkiamini kwa vile kila mtu anajua basi na mahakama inajua. Mahakama haijui jamani. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, inaanza kwa kumhesabu kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anaetakiwa kuthibitisha ni upande wa mshtakiwa. Sio kwa kiwango kile kikubwa cha kutoacha shaka ambacho serikali inabebeshwa, inatosha kuonyesha kwamba inaelekea zaidi alikuwa mgonjwa kuliko hakuwa, lakini lazima mtu ainuke aseme, na mara nyingi huyo mtu ni ndugu.

Kwetu ni mtoto wa kaka yangu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, alianza kubadilika akiwa kidato cha tatu, akaacha kulala, akawa anaongea peke yake usiku, afu akaanza kusema jirani yao mzee anaweka sumu kwenye maji ya kisima. Wanakaa kijijini, mi nipo hapa Tabora mjini Isevya, kwa hiyo habari nilikuwa nazipata kwa simu, leo kidogo afadhali, leo kakataa kula, leo katoka uchi. Siku hiyo alimkuta mzee wa watu anachota maji akampiga na mpini wa jembe, mzee akafariki wakiwa njiani kumpeleka hospitali. Kijana hakukimbia. Watu walivyofika walimkuta kakaa chini ya mwembe pale pale kisimani, mpini kaulaza magotini, anawaambia njooni mchote maji yameshakuwa salama.

Hilo la kutokukimbia na yale maneno yake vilikuja kuwa na uzito sana mbele huko, ndo maana nayaandika. Ila siku ile hakuna alieandika popote. Waliokuwepo walisimulia tu, polisi walichukua maelezo ya nani kampiga nani na wapi, basi.

Kesi ya mauaji haina dhamana, hata mtuhumiwa awe mgonjwa namna gani. Na hakimu wa wilaya hana mamlaka ya kuisikiliza, yeye anaitaja tu, upelelezi haujakamilika, rudi baada ya wiki mbili, upelelezi haujakamilika, rudi tena, mpaka jalada likamilike ndo ihamishiwe Mahakama Kuu, na huko inasubiri ipangiwe kikao. Muda wote huo mtu yupo mahabusu. Gereza silitaji, na askari wengine walikuwa na huruma ya kweli, lakini kijana wetu alikaa mle kipindi kirefu bila kidonge hata kimoja, wenzake wanamuogopa, usiku anapiga kelele, anatengwa. Nilivyoenda kumuona alikuwa kakonda na midomo imepasuka na alinitazama kama hanijui. Mama yake alipiga magoti pale kwenye benchi la wageni, mnyampara akamwambia mama nyanyuka, huyu atapona, nishawaona wengi. Nilimshukuru moyoni yule bwana, lakini huduma ya afya haiwezi kuwa maneno ya mfungwa mwenzake. Nyota ya kwanza kupotea ni hapa. Sheria inaruhusu mtu apelekwe hospitali akionekana hayupo sawa, ila lazima mtu amuone, na kwenye chumba chenye mahabusu wengi anaekaa kimya pembeni haonekani.

Sasa sikilizeni kitu ambacho nilichukua muda kukielewa na mawakili wanakitaja haraka haraka kama vile kila mtu anakijua. Mahakama inaweza kuuliza maswali mawili tofauti kuhusu akili ya mtu. La kwanza, leo hii anaelewa kinachoendelea? Anajua kashtakiwa nini, anaweza kumwelekeza wakili wake? Kama haelewi kesi inasimamishwa. Kama kosa lenyewe lina dhamana, mahakama inaweza kumwachia kwa ndugu wakiweka dhamana kwamba watamtunza na kumzuia asijidhuru wala asidhuru mtu, na kama halina, anapelekwa hospitali ya akili mpaka apate nafuu ya kuweza kujitetea. Swali la pili, siku ile ya tukio alikuwa mzima? Hili ni tofauti kabisa. Mtu anaweza leo kuwa mzima anaongea vizuri kuliko wewe lakini siku ile alikuwa mgonjwa, na kinyume chake pia, mtu anaweza kutenda akiwa na akili zake afu akaja kuchanganyikiwa gerezani. Familia nyingi zinachanganya, zinasema mbona saivi anaongea vizuri basi hatuna hoja tena. Hoja mnayo. Na wengine wanadhani kwa vile alishawahi kulazwa basi kesi imeisha, nayo sio, maana kuwa na historia ya ugonjwa peke yake haitoshi, lazima ugonjwa uwe ulikuwepo saa ile na uwe ulimfanya asijue anachofanya au asijue kwamba ni kosa.

Na bangi na gongo msitegemee. Kulewa kwa hiari yako sio ugonjwa wa akili mbele ya sheria, labda ulevi wenyewe uwe umemfikisha kwenye kichaa kabisa, au awe kaleweshwa na mwingine bila kujua. Wakili wa serikali atauliza hilo swali la bangi kabla ya jingine lolote kwa hiyo mlijue jibu lake la kweli mapema.

Kesi ya mauaji wakili anawekwa na mahakama kama familia haina uwezo. Wetu alikuwa kijana, mstaarabu, ana mafaili mengi mno. Alimuona mteja wake kwa muda mfupi sana kabla ya siku ya kusomewa mashtaka Mahakama Kuu, kwa hiyo kama mi na mama yake tusingemkamata kwenye korido tukamwambia baba huyu mtoto anaumwa na mashahidi tunao, sijui ingekuwaje. Yeye ndo akasimama siku hiyo hiyo ya kujibu mashtaka akaiambia mahakama utetezi utakuwa wa ugonjwa wa akili. Huo ndo wakati wake. Ukisubiri mashahidi wamemaliza ndo uibue, jaji anaweza kuona ni ujanja wa kutaka kujiokoa na kamba, na kwa mauaji kamba ndo hukumu pekee iliyopo kwenye sheria, hata kama Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994.

Jaji akasimamisha kesi akaamuru apelekwe kuchunguzwa. Kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, toleo la 2022, ni kifungu cha 220, na kinasema daktari anaesimamia hospitali anatakiwa kupeleka ripoti ya maandishi mahakamani ndani ya siku 42. Tulifurahi, tukahesabu kwenye kalenda. Lakini kisomeni vizuri hicho kifungu, siku 42 zinahesabiwa kuanzia mtu anapowekwa hospitali, sio kuanzia jaji anaposaini amri. Kati ya amri na hospitali kuna gari, mafuta na askari wa kumsindikiza, na sheria haijaweka siku hata moja kwa ajili ya hivyo vitu vitatu. Kila nikiuliza naambiwa amri ipo, gari bado. Gari limepatikana, askari wapo kwenye operesheni. Mnasubiri apatikane mwingine wa kwenda huko huko ili waende pamoja. Kwa mkoa kama wetu ambao Dodoma ni safari ya kutwa nzima naelewa gharama, naelewa kabisa, ila mtu anaoza bila dawa huku karatasi inayosema atibiwe ipo kwenye faili. Kama kuna mtu anaetunga sheria anasoma hapa, weka siku za usafiri kwenye kifungu. Hiyo tu.

Kwa wasiojua, Isanga ni sehemu ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Mirembe ipo tangu 1927, na Isanga ndo upande unaopokea watu wenye kesi, wanaochunguzwa na wale ambao mahakama imeshaamua walitenda wakiwa wagonjwa. Usichanganye na Gereza la Isanga, vipo jirani ila ni vitu viwili. Kutoka Tabora unapanda basi alfajiri, Itigi, Manyoni, unaingia Dodoma, au unapanda treni ya zamani kama una subira na mzigo, SGR kwa saivi inaishia Dodoma ikitokea Dar kwa hiyo haitusaidii watu wa huku. Beba kitambulisho, beba barua ya mtendaji inayosema wewe ni nani kwa mgonjwa, na usibebe ugali wala dagaa wa kupikwa ukidhani utampa, uliza kwanza.

Nilienda na woga mwingi. Sisi tumekulia kwenye maneno ya ntakupeleka Mirembe, unatishiwa mtoto. Nilichokuta ni hospitali. Kuna ulinzi ndio, milango inafungwa, unaandikisha, unasubiri, lakini aliekuja kutupokea alivaa koti jeupe na alianza kwa kusema shikamoo mama kwa wifi yangu, poleni na safari, kaeni. Ndani ya ule mwaka hakuna ofisi nyingine iliyokuwa imetupa pole.

Afu yakaja mahojiano, na hapa ndo natoa nyota zangu bila kinyongo. Yule dokta hakuuliza habari za kupiga kwanza. Aliuliza alizaliwa vipi, alichelewa kulia? Alishawahi kuugua malaria kali akapoteza fahamu? Ana kifafa? Kwenye ukoo yupo mwingine, upande wa baba, upande wa mama? Lini mara ya mwisho alilala usiku mzima? Alikuwa anakula chakula kilichopikwa na mama yake au anakikataa? Wifi akasema alikuwa anakula mayai ya kuchemsha tu, tena anamenya mwenyewe. Dokta akaacha kalamu akamwangalia, akauliza tangu lini. Wifi akafikiri, akasema tangu msimu wa tumbaku wa mwaka juzi yake, akashusha sauti, akasema mi nilidhani anaringia mboga. Dokta akaandika. Baadae akatueleza kwamba hicho ni kitu kikubwa, mtu anaekula mayai tu kwa sababu hayawezi kutiwa sumu bila ganda kupasuka ni mtu ambae ugonjwa umemshika muda mrefu kabla ya tukio, na hawezi kuwa kauigiza baada ya kukamatwa. Hiyo habari ya mayai haikuwepo kwenye jalada la polisi, haikuwepo kwa wakili, ilikuwa kichwani kwa mama mmoja wa kijijini ambae hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Ndo maana nasema nendeni. Hata kukopa nauli kopeni. Daktari anachunguza mtu leo na anatakiwa kusema kuhusu siku iliyopita zamani, bila ndugu anafanya kazi gizani. Na kusanyeni karatasi, daftari la zahanati, kadi ya kliniki, cheti cha kulazwa, hata risiti ya dawa. Shida ya huku kwetu, na sio Tabora tu, Kigoma ni hivyo hivyo, ni kwamba wengi tunaanzia kwa mganga na mganga haandiki. Mtu anaweza kuwa kaumwa miaka sita na hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Kama nyumbani kwako yupo mtu ambae haeleweki, hata kama mnaendelea na mambo yenu mengine, mpeleke mara moja hospitali ya mkoa aandikwe, na mwambie mtendaji kwa maandishi. Nasema hivi hata kwa usalama wa majirani, maana yule mzee angekuwa hai.

Matibabu yenyewe. Walimuanzishia vidonge, afu sindano ile inayokaa mwilini mwezi mzima. Mara ya kwanza nilivyomuona baada ya dawa alikuwa mzito, anatembea taratibu, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, nikaogopa nikasema wamemuua mtoto. Nesi akanielewesha kwamba ni dawa, kuna kidonge kingine cha kupunguza huko kukakamaa, na dozi wataishusha. Kweli walishusha. Safari iliyofuata akanijua. Akaniita shangazi. Tukaongea habari za nyumbani, ng'ombe, nani kaolewa, na katikati ya maneno akaniuliza, shangazi, yule mzee alipona?

Hapo hakuna sheria wala daktari anaekusaidia. Nilimwambia ukweli. Alikaa kimya muda mrefu kisha akasema basi mi nilimuua, akawa analia bila sauti, na nesi alikuja akakaa upande wa pili wake akamshika bega, hakumfukuza mgeni wala hakusema muda umeisha. Watu wanaosema mtu akienda Isanga kaponea kirahisi sijui wanaongelea nini. Akili ikirudi inarudi na kila kitu.

Ripoti ilienda mahakamani ikisema siku ya tukio hakuwa na akili timamu. Mjue pia kwamba ripoti sio hukumu, Mahakama ya Rufani ilishasema jaji hafungwi na maoni ya daktari, anayapima pamoja na ushahidi mwingine. Kwetu mashahidi wa serikali wenyewe ndo walisaidia, yule mama aliefika wa kwanza kisimani alivyoulizwa alimkuta mshtakiwa anafanya nini akarudia yale maneno ya maji yameshakuwa salama, mahakama nzima ikatulia. Jaji akatoa uamuzi ambao sheria inauruhusu, kwamba kitendo alikifanya, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa akili hana hatia ya kosa hilo.

Naomba niongee kuhusu familia ya mzee. Walikuwepo pale, wakasikia neno hana hatia, wakatoka nje wanalia wanasema aliemuua mzee wetu kaachiwa, serikali imenunuliwa. Hakuna mtu wa mahakama aliewafata kuwaeleza. Mtoto mkubwa wa mzee alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naisikia mwilini, na ana haki yake, mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Kwenye huduma hii yote, kuanzia polisi mpaka mwisho, sijaona mahali ambapo wafiwa wanahudumiwa kwa chochote. Wanaitwa kutoa ushahidi, wanarudishiwa nauli kama ipo, basi. Dakika kumi tu za karani au afisa ustawi kuwaambia hajaachiwa, anarudi kufungiwa hospitali na hakuna anaejua atatoka lini, zingepunguza hasira nyingi, na hizo hasira ndo zinakuja kumzuia mgonjwa asirudi kijijini baadae.

Maana hajaachiwa kweli. Baada ya uamuzi ule mahakama inapeleka taarifa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria, na Waziri ndo anaetoa amri mtu akae wapi, hospitali, gereza au mahali pengine pa usalama. Hakuna miaka inayotajwa. Anaesimamia mahali alipo anaandika ripoti kwa Waziri baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Daktari anaweza kuona mtu amekaa sawa, anafua, anasaidia wenzake, hajasikia sauti muda mrefu, lakini daktari hana ufunguo. Barua lazima iende wizarani na irudi. Na wanavyotaka kumtoa wanauliza ndugu wapo? Wanamtaka? Kijiji kinasemaje? Nimekutana na wazee pale ambao walivyoulizwa kwenu wapi walitaja kijiji na hakuna mtu wa kijiji hicho aliewahi kuja. Hao sio kwamba bado wanaumwa sana. Hawana wa kuwapokea.

Nimesoma wenzetu wanafanyaje, sio kwamba tuige kila kitu lakini tujue inawezekana. Uingereza mtu aliewekwa hospitali na mahakama ya jinai, hata yule mwenye masharti makali ya kutokutolewa bila ruhusa, anaweza mwenyewe kuomba baraza huru lipitie habari yake, mara ya kwanza ikishapita miezi sita tangu amri na kabla haijatimia kumi na miwili, baada ya hapo kila mwaka mara moja. Kwenye hilo baraza yupo jaji, yupo daktari wa nje, yupo na mjumbe mwingine. Italia sheria yao ya 2014 imeweka ukomo, hawaruhusiwi kumshikilia mgonjwa muda unaozidi kifungo cha juu kabisa cha kosa alilofanya. Hilo la Italia lilinigusa, maana kwetu ukomo haupo. Wizi wa kawaida kifungo chake cha juu ni miaka saba. Mtu mzima wa akili akiiba baiskeli anaweza akafungwa miezi kadhaa akarudi kwake. Mgonjwa akiiba baiskeli hiyo hiyo, mahakama ikaona alikuwa mgonjwa, anaingia kwenye mlolongo huu huu wa ripoti za miaka mitatu na miwili. Kwa kosa dogo fikirieni sana na wakili kabla ya kuchukua njia hii, na kama mgonjwa bado haelewi kesi basi ombeni ile dhamana ya kumtunza nyumbani, kosa likiwa na dhamana mahakama ina uwezo wa kuitoa na familia nyingi hazijui kuiomba. Wasaidizi wa kisheria wapo huku mikoani chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hawatozi, waulizeni.

Kitu cha mwisho kwenye mapitio yangu ni nyumbani. Wa kwetu bado hajatoka, lakini kuna familia ya upande wa Urambo tulifahamiana kwenye basi, wao mtu wao alirudi. Alirudi mzima, akaanza kulima, akafika kliniki ya kwanza akapata sindano, ya pili akapata, ya tatu akaambiwa dawa imeisha njoo wiki ijayo, wiki ijayo hakuna, nendeni mjini. Kwa sera dawa za akili vituo vya serikali ni bure, ila bure ya dawa ambayo haipo haimsaidii mtu, duka la dawa ukiipata ni hela na nauli juu. Wakakaa miezi bila, akaanza kutokulala tena. Bahati dada yake alikuwa anajua dalili, akamkimbiza hospitali kabla halijatokea jambo. Yani serikali imemtunza mtu miaka, imemlisha, imempa dawa, afu sindano moja ya mwezi inakosekana na kazi yote inakuwa hatarini, yake na ya watu wanaoishi karibu nae. Hapa ndo ningeweka hela kama ningekuwa na uwezo wa kuamua.

Kwa sasa sisi tunaandaa kumpokea. Kaka yangu ameshaenda na wazee wawili kwa familia ya mzee, mara ya kwanza hawakufunguliwa, mara ya pili walipewa maji ya kunywa wakakaa, hayakuongelewa mengi. Tumekubaliana hatarudi pale kijijini moja kwa moja, atakaa kwangu hapa Isevya karibu na hospitali ya mkoa. Afisa ustawi amekuja kuangalia chumba, akauliza nani atamkumbusha dawa, nani yupo nyumbani mchana, akaandika.

Na kwa anaetaka kuandika barua ya kuomba mtu wake aangaliwe, tunavyofanya sisi ni hivi. Weka namba ya kesi na mahakama iliyotoa uamuzi na tarehe yake. Andika jina lake kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka hata kama walikosea, la kwetu waliandika herufi moja tofauti na faili lilikuwa halionekani mpaka tulipolifata kosa lao. Eleza atakaa wapi, na nani, kliniki ipi. Ambatanisha barua ya mtendaji wa mtaa anapokuja kukaa, sio wa kule lilipotokea tukio pekee. Nakala moja hospitali, moja ustawi wa jamii, moja baki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, na anaepokea muombe aandike jina na tarehe.